Waliopimwa Kabla ya Kulala

Makambako,
4 Februari 2024

Mpendwa mwanangu Letisia,

Kamwene. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na Timoth na Hilda mdogo. Mimi sijambo, ila upepo wa huku mwaka huu umekuja na hasira. Juzi umeng'oa bati la jiko la jirani ukalitupa uwanja wa shule. Mahindi yamesimama vizuri. Baba yako alipita wiki iliyopita akitoka Wanging'ombe, akashangaa kunikuta nyumbani siku ya kazi. Nikamwambia gari liko gereji. Akikuuliza na wewe, sema gereji.

Najua utasema kwa nini sikupiga simu. Mwanangu, nikiongea kazini, yadini kwa malori, wanasikiliza wote, na nikiongea nyumbani tunakatizana maneno, mimi na wewe, mpaka salio linaisha. Kondakta wa basi la Kosta atakuachia bahasha stendi, kwa yule mama wa vitenge.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna dereva mmoja hapa kwetu, rafiki yangu, ameshika usukani miaka mingi na hajawahi hata kukwaruza tela. Mwezi uliopita tajiri wetu, Bi. Salha, alileta mtaalamu wa kupima madereva. Unakalishwa mbele ya kompyuta, mguu juu ya pedeli. Likiwaka duara la kijani, unakanyaga haraka. Likiwaka jekundu, unatulia. Basi. Mtaalamu akaondoka, majibu yakaja: madereva wenye umri mkubwa wamekuwa wazito, ni hatari barabarani. Bi. Salha amewaweka pembeni wote waliovuka hamsini mpaka atakapoamua. Magari yao wamepewa vijana.

Wewe umesoma saikolojia na unafundisha walimu. Mwandikie Bi. Salha barua yenye muhuri wa chuo, useme kipimo hicho hakifai. Huyo rafiki yangu anaona aibu, hata kanisani siku hizi anakaa nyuma.

Ni mimi shangazi yako,
Oktavia


Njombe,
11 Februari 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua nimeipata, bado inanukia dizeli. Sisi wazima. Hilda ameanza darasa la kwanza na hataki kuvaa sweta la shule, anasema linawasha. Nimemwacha, baridi ya Juni itamfundisha. Timoth anakusalimu, anauliza kama zile mbegu za viazi bado zipo.

Nimesikitika kwa ajili ya rafiki yako. Lakini barua unayoitaka siwezi kuiandika. Sijakiona kipimo, sijawaona madereva. Nikisema hakifai bila kujua, nitakuwa nimewahukumu watu kwa kubahatisha, na ndicho tunachomlaumu yule mtaalamu.

Naomba unijibu haya. Rafiki yako alipimwa wakati gani wa siku? Alikuwa ametoka wapi? Alikuwa amelala? Na wale vijana, walipimwa wakati huo huo au siku nyingine?

Mwanao,
Letisia


Makambako,
25 Februari 2024

Letisia,

Marahaba. Mbegu za viazi zipo, Timoth aje na gunia lake. Mzee Hamis, yule dereva mwenzangu aliyekupa lifti ulipokuwa unakwenda chuo, amepata mjukuu wa kike. Kwaya yetu imeanza nyimbo za Kwaresima.

Maswali yako ni kama ya trafiki. Haya, najibu. Sisi wa siku nyingi ndio tunaopewa njia ya Dar es Salaam, kwa sababu Mlima Kitonga hauchezewi. Vijana wanabeba parachichi na viazi kutoka mashambani, Njombe na vijiji vyake, jioni wako kwao. Mtaalamu alikuja asubuhi. Vijana wakapimwa baada ya chai, kabla hawajatoka. Wale wa Dar wakapimwa kila mmoja alipokuwa anaingia, maana mtaalamu alikuwa na haraka ya kuondoka.

Rafiki yangu aliingia akiwa ameendesha usiku kucha. Hata mkoba hakuuteremsha. Akaambiwa kaa hapa, kanyaga. Macho yangu yalikuwa kama yana mchanga, duara lenyewe naliona mawili.

Sasa umepata majibu yako. Niandikie hiyo barua.

Oktavia


Njombe,
3 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Timoth amefika salama na gunia, ahsante. Mpe Mzee Hamis hongera zangu.

Shangazi, nimesoma barua yako nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Mtaalamu alidhani analinganisha wazee na vijana. Kumbe bila kujua alikuwa analinganisha pia waliokesha na waliolala. Mambo mawili yamefungwa kamba moja, na hakuna anayeweza kusema ni lipi lililofanya miguu iwe mizito. Labda ni umri. Labda ni usingizi. Kipimo kile hakijui, na sisi pia hatujui.

Kwa hiyo tusimpelekee Bi. Salha maneno, tumpelekee jaribio. Tungeweza kuchukua kundi moja lililolala na kundi jingine lililochoka, tukayalinganisha. Shida ni kwamba watu hawafanani. Huyu ana macho makali, yule ana mafua, na madereva wenyewe ni wachache. Njia ninayoipenda ni kila dereva, mzee kwa kijana, alinganishwe na nafsi yake: apimwe siku aliyolala vizuri, apimwe tena siku aliyotoka safari ndefu. Hapo pana mtego mmoja. Mara ya pili mtu ameshauzoea mchezo, ataonekana hodari kwa mazoea tu. Kwa sababu hiyo nusu yao waanze na siku ya uchovu, nusu waanze na siku ya usingizi, na anayeamua nani aanze wapi iwe ni kura. Asiwe mimi wala tajiri.

Tusianze sasa. Ramadhani iko mlangoni. Baadhi ya madereva watakuwa wamefunga na wengine hawakufunga, tutajifungia kamba nyingine. Tusubiri Idi ipite.

Jambo la mwisho, na ndilo zito. Ukifanya jaribio la kweli, lazima uwe tayari kwa jibu lolote. Huenda likasema mtaalamu alikuwa sahihi. Mwambie rafiki yako alijue hilo. Na mwambie apumzishe macho.

Letisia


Njombe,
24 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata barua yako, na kondakta anasema hujampa kitu. Leo ni Jumapili ya Matawi, tumekuombea. Hilda amekuchorea lori, nimeliweka humu. Magurudumu ni mengi mno lakini amekataa kuyapunguza.

Letisia


Makambako,
14 Aprili 2024

Mwanangu Letisia,

Tumsifu Yesu Kristo. Pasaka ilipita vizuri na Idi nimekula pilau kwa Mzee Hamis. Lori la Hilda nimelibandika ukutani.

Sikukujibu kwa sababu nilikukasirikia. Niliomba barua, ukaniletea mtihani mwingine. Nilisema moyoni, huyu mtoto nilimbeba mgongoni akiwa na surua, leo ananiambia niwe tayari kwa jibu lolote.

Hakuna rafiki, Letisia. Ni mimi. Na wewe nadhani umeshajua. Mimi ndiye niliyekalishwa pale na mkoba begani, mimi ndiye niliyeambiwa na yule mtaalamu, kijana mwenye miwani, mbele ya wenzangu, "Mama, umri wako na hii kazi, basi tena." Tangu hapo kila nikimenya kiazi nautazama mkono wangu, nauliza, ni mzito kweli? Nilikuwa naogopa jaribio lako kwa sababu hiyo. Afadhali kuonewa kuliko kukuta ni kweli.

Alhamisi ya Idi, baada ya pilau, nilijikuta nimekaa pembeni ya Bi. Salha mwenyewe, alikuja kumwona mjukuu wa Hamis. Nikamtolea barua yako ya Machi. Akaisoma yote, mara mbili, sahani ikapoa.

"Huyu ni nani kwako?"

"Mtoto wa kaka yangu."

"Basi atakupendelea."

"Angetaka kunipendelea angeniandikia nilichomwomba. Amekataa."

Akakunja barua. "Na nikikubali, halafu nikute ni kweli mmekuwa wazito, Oktavia? Mimi nina roho za watu barabarani. Silali nikiwafikiria."

"Nitakukabidhi funguo kwa mkono wangu," nikamwambia. "Sitalia wala sitakwenda kwa mwanasheria."

Akanitazama sana. Ni mwanamke aliyeanza kwa kuuza vitunguu chini, anajua mtu anayeapa anafananaje. Akasema, "Mwambie aje na watu wake. Na mpaka jaribio liishe, simfukuzi mtu kwa sababu ya hicho kipimo, awe mzee awe kijana."

Haya. Nipime.

Shangazi yako


Njombe,
21 Aprili 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo sana. Nilijua tangu Februari. Uliandika "macho yangu." Nilinyamaza kwa sababu niliona unataka kulisema mwenyewe.

Kamati ya utafiti ya chuo imetoa kibali baada ya kunisumbua kidogo. Masharti ni haya, uwaeleze wenzako. Anayekataa kushiriki asiulizwe sababu. Hakuna atakayeendesha akiwa amechoka kwa ajili yetu: magari ya Dar yatakwenda na madereva wawili wakipokezana, na mtu atapimwa gari likiwa limeshaegeshwa. Vijana nao watakwenda Dar kwa zamu, ili waonje uchovu ule ule.

Atakayesimamia ni mwenzangu, Mwalimu Nahumu. Hataambiwa nani amelala na nani ametoka safari, wala nani kaanza na lipi. Kila dereva ataoga na kubadili nguo kabla ya kuingia, na hakuna kuongea habari za njia. Mtu akishajua anachotarajia, jicho lake linaanza kumsaidia bila yeye kujua. Mimi sitagusa majibu yako, wala sitafika yadini. Watu wasiseme mtoto wa kaka kambeba shangazi.

Lala vizuri siku ya kulala. Hicho ndicho ninachokuomba.

Letisia


Makambako,
9 Juni 2024

Mwanangu,

Kamwene. Huku baridi imeingia mpaka kwenye mifupa. Nasikia Hilda amelivaa sweta. Baba yako nimemwambia ukweli kuhusu "gereji". Aliniuliza tu kama nina kuni za kutosha. Ndivyo alivyo.

Kupima kumekwisha, wa mwisho alipita jana. Mwanzo ulikuwa mgumu. Siku ya kura watu walinuna. Fidelis, yule kijana aliyepewa gari langu, alisema hana haja ya kupimwa, yeye ni chuma. Mzee Hamis akamwambia, "Chuma kaa chini." Akakaa.

Anthony wa ofisini, ambaye kompyuta inalala kwake, alinijia jioni moja. "Mama, nipe siku mbili nikufundishe yale maduara yanavyokuja, utawapita wote." Nilitamani, Letisia, sikufichi. Nikafikiria nikishinda kwa hila, mkono wangu bado utakuwa na swali lile lile. Nikamfukuza.

Kura ilinitaka nianze na uchovu. Nilikwenda Dar na kurudi tukipokezana usukani na Dionis, dereva mwenzetu, nikaoga maji ya baridi, nikaingia. Mwalimu Nahumu alisema, "Karibu mama, kaa," na hakusema kingine, sura yake kama ukuta. Nilikanyaga. Mara nyingi nilijisikia nimechelewa. Nilitoka nikalala mpaka mchana wa kesho yake.

Baada ya wiki moja nikapimwa nimelala. Siwezi kukueleza. Yale maduara yalikuwa yananijia taratibu kama watu ninaowafahamu.

Fidelis alianza na siku yake ya usingizi, akatoka akipiga mluzi. Zamu yake ya Dar ilipofika, alirudi midomo imekauka. Alipotoka kwenye kipimo alikaa juu ya tairi bovu akaniita. "Mama, nilikuwa naliona jekundu, nalijua ni jekundu, na mguu unakanyaga." Kisha akasema jambo lililonitia baridi: "Na kule njiani, Mikumi, ilikuwa hivyo hivyo. Dionis ndiye aliyenipokonya usukani." Nilimwambia akalale, nikamfunika kwa koti langu.

Ninayemwogopea ni Mzee Hamis. Hata alipolala alitoka anatikisa kichwa.

Sasa niambie. Najua majibu yako kwenu. Mimi nimepataje?

Oktavia


Njombe,
16 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hilda kweli amevaa sweta, na anasema lilikuwa wazo lake.

Sijui umepataje. Nahumu anahesabu kwa namba bila majina, na mimi nimemwomba asinionyeshe mpaka amalize. Na hata ningejua nisingekwambia kabla ya wenzako. Nisamehe. Nahumu atakuja huko tarehe kumi na tatu Julai kusoma majibu mbele ya wote.

Nami silali vizuri, kama hilo linakufariji.

Letisia


Makambako,
14 Julai 2024

Letisia wangu,

Nakuandikia kabla sijakwenda misa, kwa haraka na kwa furaha, usome hivyo hivyo.

Jana yadi ilijaa. Bi. Salha aliweka viti, akavaa baibui jipya. Mwalimu Nahumu akasimama na karatasi yake, akaanza polepole kama padri mpya. Akasema kila mtu amelinganishwa na nafsi yake. Akasema, madereva waliovuka hamsini wakiwa wamelala, miguu yao inachelewa kidogo sana nyuma ya vijana, kidogo kiasi kwamba kwa kipimo cha mtaalamu yule yule karibu wote wanapita. Halafu kwenye duara jekundu, pale panapotaka utulie, wazee wanakosea mara chache kuliko vijana.

Watu wakaanza kunong'ona. Nahumu akainua mkono.

"Sasa uchovu. Wakiwa wametoka safari ndefu bila kulala, wote wameanguka. Wazee wameanguka. Vijana wameanguka, na kwenye jekundu wameanguka zaidi. Walioanza na uchovu na walioanza na usingizi, picha ni ile ile. Kipimo cha Januari kilipima usingizi, kikadhani kinapima umri."

Mwanangu, kelele! Dionis alinibeba juujuu, mwili wangu huu. Wanawake wanaouza chai getini wakapiga vigelegele hata hawajui ni kwa nini. Fidelis alikuja mbele ya wote, akanikabidhi funguo za gari langu kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo. Sikulia kwenye kipimo, sikulia kwa miezi yote ile, ila hapo nililia.

Nahumu akangoja tutulie, akasema hawa ni madereva wa yadi moja tu, asije mtu akatangaza kwamba wazee wote wa Tanzania ni hodari. Tukacheka. Kisha akamwita Mzee Hamis pembeni na Bi. Salha. Hamis hakupita hata alipolala.  Kumbe Nahumu alikuwa ameona jambo: Hamis anachelewa tu pale duara linapowaka upande wa kushoto. Akashauri apelekwe kwa daktari wa macho. Bi. Salha akasema Jumatatu anampeleka mwenyewe.

Mwisho Bi. Salha akasimama. Hakuzungusha maneno. "Niliwakosea kwa haraka. Magari ya Dar kuanzia leo yana madereva wawili. Aliyeingia analala kabla ya kutoka tena, awe nani. Na nitakayemsikiliza kuhusu nani atoke na nani alale ni Oktavia."

Nahumu alinipa majibu yangu faraghani. Sikwambii. Ukitaka kujua, njoo nikupikie.

Shangazi yako mwenye funguo


Njombe,
21 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo, shikamoo tena. Nimesoma barua yako kwa sauti mezani. Timoth alisimama akapiga makofi, Hilda akapanda juu ya kiti.

Kamati ya chuo imeomba niandike makala kuhusu jaribio hili, na wanafunzi wangu wa mwaka wa pili wameomba niwaeleze kila hatua. Niliwaeleza. Binti mmoja akauliza, "Madam, na kama shangazi angeshindwa?" Nikamjibu kwamba ningeandika alishindwa.  Sikuwaambia kwamba Juni nzima nilikuwa naomba nisiandike hivyo.

Nakuja Jumamosi ijayo. Pika.

Letisia


Makambako,
1 Septemba 2024

Mwanangu,

Kamwene. Tangu ulipoondoka nyumba ni kimya. Mzee Hamis amefanyiwa upasuaji wa jicho la kushoto, ni mtoto wa jicho tu, daktari amesema litarudi. Anajisifu kwamba sasa anaona madeni ya watu.

Nataka ulisikie hili kutoka kwangu kabla hawajalitia chumvi. Jumatano niliingia alfajiri kutoka Dar, mimi na Dionis. Nikakuta lori la pili limeshapakiwa parachichi, injini inanguruma, Bi. Salha kasimama na simu sikioni. Mteja alikuwa anapiga kelele mpaka mimi namsikia. Madereva wote wawili wa zamu walikuwa wamekwama kijijini Ipelele, lori la watu limepinduka likaziba barabara.

Akaziba simu kwa kiganja. "Oktavia, nakuomba. Zunguka na hili. Wewe siyo kijana, najua unaweza."

Yadi nzima ikageuka. Fidelis, naye akiwa ameingia usiku huo bila kulala, alikuwa anafagia bodi la lori lake, ufagio ukasimama.

"Sijalala," nikasema.

"Mzigo utaharibika."

"Sijalala, Bi. Salha. Ukinipima sasa hivi naanguka, na wewe umeona majibu."

 Yule mtu kwenye simu bado anapiga kelele. Niliona hasira ikimpanda Bi. Salha mpaka kwenye kilemba, kisha nikaiona inashuka. Akaondoa kiganja kwenye simu.

"Gari litatoka mchana," akamwambia. "Dereva wangu amelala."

Nami nilikuwa bado nimesimama mbele yake, mkoba begani, macho wazi. Vijana wakaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka mpaka akashika bampa. Fidelis akazima injini.

Nilikwenda kwenye kile chumba kipya cha mapumziko, nikavua viatu, nikalala usingizi ambao sijalala tangu Januari. Saa saba mchana nilipanda kwenye lori na Dionis, nikafunga mkanda, nikalitoa getini. Kitonga nilikishuka kwa gia ya chini, taratibu, na parachichi zote zilifika nzima.

Shangazi yako,
Oktavia